Pinde tatu kwenye dari ya Makwale: wakwe wanadai mmoja, na hatujui ni upi

Wakuu, heshima kwenu. Na wa kwetu kule bondeni, mugonile.

Hiki kisa ni cha familia yangu na bado kina moto. Hii si chai. Nilichokiona kwa macho nitasema nilikiona, nilichosimuliwa nitasema nani alinisimulia, na nisichokijua nitasema sikijui. Hicho cha mwisho ndicho kingi.

Majina nimebadilisha, maana humu kuna watu wa Kyela wanaonifahamu na harusi bado haijafungwa.

Mimi naishi Mbugani, hapo Kyela mjini, nina duka la vifaa vya umeme. Nyumbani kwetu ni Makwale, ndani ndani huko, ambako bibi yangu mzaa baba, Bibi Tusekile, bado analima mpunga wake na kuchuma kokoa. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mambo ya ukoo yanasimamiwa na kaka yake, Baba Mkubwa.

Chanzo cha yote ni mdogo wangu Ipyana.

Ipyana alipata mchumba, binti wa Kikisi kutoka kando ya ziwa, mbele kidogo ya Matema. Tumwite Rehema. Kwao ni wavuvi na wafinyanzi, wale wenye vyungu mnavyoviona vimepangwa kwenye mitumbwi siku ya soko. Watu safi, wasali, hawana makuu.

Tukatuma mshenga. Tulitegemea arudi na habari za ng'ombe.

Akarudi na habari ya upinde.

Mshenga alisema babu yake Rehema, Mzee Yeremia, amempokea vizuri, amempa samaki, kisha akamwambia hivi: "Kijana hatuna neno naye. Ila upinde wa babu yetu uko kwao. Waje nao, ndipo tukae kitako."

Baba Mkubwa aliposikia hivyo hakushangaa kama nilivyoshangaa mimi. Alikuna kichwa tu, akasema, "Kumbe bado wanaukumbuka."

Sasa niwarudishe nyuma, enzi za Mjerumani. Haya nimesimuliwa na Baba Mkubwa, naye alisimuliwa na baba yake.

Wakati huo boma la Mjerumani lilikuwa kule juu mlimani, Tukuyu ya leo. Mizigo ilikuja kwa meli ziwani, ikishushwa ufukweni, halafu inapanda mlima juu ya vichwa vya watu. Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilipoanza, mizigo ikazidi na njia zikawa ndefu. Askari walipita vijijini wakichukua wanaume. Hawakuchagua sana. Mwenye shingo alifaa.

Baba yake babu yangu, Babu Kalukwa, alinusurika. Alikuwa mfyatua matofali wa misheni na wamisheni walimwombea. Nyumba yake ilikuwa karibu na njia ya kutoka ziwani, kwa hiyo misafara ya wapagazi ilipita mlangoni kwake.

Kwenye msafara mmojawapo alikuwemo babu yake Mzee Yeremia, anaitwa Kisunga. Alifahamiana na Babu Kalukwa kwa sababu wanawake wa kwao walileta vyungu Makwale na kuondoka na ndizi na mahindi. Kisunga aliacha upinde wake kwa Babu Kalukwa akaendelea na safari.

Hakurudi. Hakuna anayejua alilala wapi. Wengine wanasema alivushwa mto Songwe, wengine wanasema alipelekwa kusini kabisa.

Sasa sababu ya Mzee Yeremia kuudai. Huyu mzee ana ugonjwa wa moyo, na Kisunga hajawahi kuzikwa. Kaburi la mke wake lipo, na pembeni yake kuna nafasi tupu waliyoiacha tangu wakati huo. Mzee anataka kuuzika upinde ule pale, jina la babu yake litajwe mbele ya watu kama wanavyotajwa marehemu wengine, kabla yeye mwenyewe hajahitaji kaburi.

Mnaelewa uzito wake, wakuu. Huwezi kumwambia mtu kama huyo asubiri, na huwezi kumpelekea mti wowote tu.

Tukaenda Makwale kuutafuta.

Tukapanda darini kwa Bibi, palipo na moshi na vikapu vya zamani. Tukakuta pinde tatu.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma.

Niwaeleze moja moja, kwa sababu maelezo haya yana kazi yake. Zote ni ndefu, ukiusimamisha unafika usoni kwa mtu mzima. Zote hazina ugwe, kamba zilishaliwa na panya. Lakini hakuna unaofanana na mwenzake hata kidogo, utadhani zimetoka nchi tatu.

Wa kwanza ni wa mwanzi. Umechanwa kwenye mwanzi mnene, ukakwanguliwa ukawa laini, na ndani bado unaona mafundo ya mwanzi yamesawazishwa kwa kisu. Ni mwepesi. Ncha zake zina pengo dogo kila upande la kukalia ugwe.

Wa pili ni wa mti mzito, mweusi, wa mviringo kama mpini wa jembe. Katikati ni mnene, halafu unasinyaa taratibu kwenda pande mbili mpaka ncha zinakuwa kali kama sindano ya kushonea mikeka. Hauna pengo. Badala yake kuna pete ya ngozi ya ng'ombe karibu na kila ncha, ugwe ulizungushwa hapo.

Wa tatu ni bapa, kama ubao mwembamba uliokunjwa kwa moto. Pale pa kushikia umevalishwa ngozi ya kenge, yenye magamba madogo madogo, imeshonwa kwa ustadi ambao sijauona kwa fundi viatu yeyote. Ncha ya chini nayo ina soksi ya ngozi hiyo hiyo.

Kwa uzuri, wa tatu unawaacha wenzake mbali.

Baba Mkubwa hakuchukua hata dakika. Akaunyanyua wa kenge, akasema ndio huu. Hoja yake: kenge ni wa majini, Wakisi ni watu wa majini, basi. Wa mwanzi ni wetu, kwa sababu sisi tunajenga kwa mianzi. Na ule mweusi je? Akasema Babu Kalukwa labda aliununua.

Mimi nikaona ni logic nzuri. Usingizi wangu siku hiyo ulikuwa mzuri.

Kesho yake nikaharibu. Mimi nina tabia ya kutafuta chanzo cha pili, hata nikiambiwa leo ni Jumanne. Nikaenda Ndandalo kwa mwalimu mmoja mstaafu anayependa mambo ya kale. Akaniuliza swali moja tu: nani aliwaambia Wanyakyusa ni watu wa pinde? Akasema sisi ni watu wa mikuki, hata kwenye misiba wazee walicheza na mikuki. Kwa hiyo, alisema, ule wa mwanzi si lazima uwe wetu.

Nikamuuliza, basi wa Kisunga ni upi? Akasema hata Mkisi alikuwa mvuvi, upinde wa nini? Labda alimlindia mtu.

Nikatoka pale nikiwa na pinde tatu zisizo na mwenyewe.

Nikaweka picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Jamani. Kosa kubwa. Shangazi wa Mbeya akasema wa mwanzi ni wa Kisunga kwa sababu alimsikia babu akiutaja. Binamu wa Tunduma akasema huyo shangazi alikuwa hajazaliwa. Shangazi akatoka kwenye kundi. Binamu wa Dar akashauri tuuze zote kwa wakusanyaji wa vitu vya kale na tununue ng'ombe. Watu wakamshambulia mpaka akafuta meseji. Mwishoni kundi liligawanyika, na waliounga mkono ule mweusi ni wale ambao hawaongei na Baba Mkubwa.

Nikamwambia Ipyana, tuma picha kwa wakwe wachague wenyewe, tumalize. Akamtumia Rehema. Rehema akampelekea babu yake simu. Mzee Yeremia hakuiangalia, aliigeuza kifudifudi akasema, "Aliyeachiwa kitu ndiye anayejua alichoachiwa."

Ipyana alikuja dukani kwangu akiwa amekonda. Akakaa juu ya katoni la waya. Nikamuuliza kama Rehema amesema lolote. Akasema Rehema naye hajui, ila amemwambia jambo moja: tukipeleka upinde usio wa kwao ukazikwa pale, yeye hataweza kupita kwenye lile kaburi maisha yake yote bila kujiuliza ni nani yumo.

"Kaka, mimi nataka kuoa tu," akasema. "Hivi mtu unaoaje kwa upinde?"

 Mimi nilikuwa nimeshachora jedwali, safu ya upinde, safu ya anayeutetea, safu ya sababu. Kila upinde ulikuwa na sababu nzuri ya kuwa ndio wenyewe na sababu nzuri ya kutokuwa.

Sasa hapa mnajiuliza, mbona hamkumuuliza Bibi Tusekile, mwenye dari?

Tulimuuliza siku ya kwanza. Akasema hajui. Na Baba Mkubwa akatuambia tusimsumbue, kwa sababu iliyoeleweka kwa kila mtu pale.

Kwa wasiotoka kwetu nieleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hamwangalii baba mkwe. Hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, wakikutana njiani anajificha. Bibi aliolewa na mtoto wa mwisho wa Babu Kalukwa, na mzee huyo aliishi ng'ambo ya migomba yao mpaka alipofariki. Alikuwa jirani yake kwa miaka mingi, na hajawahi kuiona sura yake.

Kwa hiyo yeye ndiye mtu pekee aliye hai aliyeishi na mwenye pinde, na ndiye mtu pekee aliyekatazwa kumtazama.

Nikarudi Makwale peke yangu. Niliona nibadilishe swali. Sikumuuliza tena upi ni wa Kisunga. Nilimuuliza, je, uliwahi kuona Babu Kalukwa ameshika upinde?

Alikuwa anapepeta mchele. Akaendelea kupepeta.

"Sura yake siijui," akasema. "Miguu yake naijua. Na fimbo zake nazijua."

"Fimbo gani, Bibi?"

"Hizo mnazoziita pinde."

Akanieleza. Mzee alikuwa mstaarabu. Akitaka kupita upande wao alikuwa anagonga chini kwa upinde, ili mkwe asikie apate muda wa kujificha. Kugonga kwenyewe kulikuwa kwa namna tatu. Wa mwanzi ulilia mbali, ulimpa muda wa kuepua chungu ndipo akimbie. Ule mweusi ulilia kizito. Wa tatu Bibi hakuupenda kabisa, kwa sababu ncha yake ina ngozi na hausikiki.

"Siku za huo nilikuwa nashtukia vidole vya mguu vimefika," akasema, "narukia migombani kama chura. Mama mkwe alikuwa anacheka mpaka anakaa chini."

Nikamuuliza alikuwa anaenda nazo wapi. Kuwinda?

Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kama samaki wanalima.

Akasema mzee hakuwahi kurusha mshale. Kila kiangazi alizishusha, leo huu, kesho ule, akapeleka uwanjani, akazipaka mafuta, akazianika, akazirudisha. Siku hizo watoto walikatazwa kucheza uwanjani. Mama mkwe aliwaambia, "Msipite hapo, babu yenu anaanika vitu vya watu."

"Vitu vya watu, Bibi? Au vitu vyake?"

"Vya watu. Angekuwa na chake asingekianika kwa adabu vile."



Sisi tulikuwa tunauliza upi kati ya pinde tatu si wa kwetu. Hatukuwahi kufikiria kwamba huenda hata mmoja si wa kwetu. Nyumba iko njiani, misafara inapita, wanaume wanatoka milimani, wanatoka ng'ambo ya Songwe, wanatoka ziwani, na hawataki kukutwa na silaha wakiwa chini ya askari. Kuna mfyatua matofali anayejulikana hachukuliwi. Unamwachia. Unasema nitapita.

Ndiyo maana hazifanani. Hazikutoka mkononi mwa fundi mmoja wala nchi moja.

Hii ya mwisho ni tafsiri yangu mimi, Bibi hakuisema. Naitenganisha makusudi.

Nilimpigia Baba Mkubwa nikamweleza. Akasema sawa, inawezekana, ila haibadilishi kitu, wa kenge bado ni wa ziwani. Akaongeza kwamba mama yake ni mtu mzuri lakini ushahidi wa miguu haujawahi kusikika kwenye baraza lolote.

Siku ya kwenda kwa wakwe ikafika. Tukakodi Noah: mimi, Ipyana, Baba Mkubwa, mshenga. Upinde wa kenge ulikuwa umefungwa kwenye kitenge kipya, ameupakata Baba Mkubwa kama mtoto wa kubatizwa. Bibi alikuja mpaka kwenye gari akaniambia nibebe na zile nyingine. Baba Mkubwa akanung'unika, lakini mama ni mama. Nikazilaza chini ya siti.

Tulikuta watu wamekaa kwenye mikeka, vyungu vibichi vimeanikwa kando, usipa, vile vidagaa vya ziwani, unanukia vizuri. Mzee Yeremia alikuwa kwenye kiti, amevaa koti ingawa joto lilikuwa kali. Pembeni yake dada yake, Shangazi Tabia, mfinyanzi, udongo umemkaukia hadi viwikoni. Rehema nilimwona kwenye dirisha la jikoni, nusu uso.

Baba Mkubwa anajua kuongea. Aliongea juu ya urafiki wa ziwa na bonde, vyungu na ndizi, akawasogeza karibu na machozi. Kisha akafungua kitenge.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Shangazi Tabia alikusanya kanga yake akasogea nyuma. Mwanamke mwingine akamvuta mtoto. Nikadhani ni heshima. Nikageuka kumwangalia Ipyana, nikaona ameshaelewa kabla yangu kwamba si heshima.

"Hiyo ngozi ni ya nini?" Mzee Yeremia akauliza.

"Ya kenge, mzee wangu," Baba Mkubwa akajibu kwa furaha. "Kenge wa hapa hapa kwenu."

Mtu nyuma yetu alicheka kidogo, akanyamaza.

"Sisi kenge hatumgusi," Mzee Yeremia akasema. Hakupandisha sauti. "Tangu babu wa babu. Tukimkuta njiani tunampisha. Fundi wa kwetu hawezi kumvua ngozi, na Kisunga asingeshika hapo hata kwa bunduki ya Mjerumani."

Akauangalia ule upinde kwa muda.

"Mmeniletea mtu mwingine nimzike."

  Baba Mkubwa alikuwa anaufunika upinde kwa kitenge, na kitenge kinateleza, anafunika tena. Kwenye dirisha la jikoni hakukuwa na mtu tena.

Nikainuka bila kuomba ruhusa, nikaenda kwenye Noah, nikarudi na zile mbili. Nikazilaza kwenye mkeka mbele yake, wa mwanzi na mweusi. Nikasema, mzee, tulikuwa na tatu, na hatujui. Mmojawapo kati ya hizi ni wa kwenu.

Akaniuliza, "Upi?"

Nikamwambia tulitegemea yeye atuambie.

 Aliziangalia, akaangalia ziwa, akaziangalia tena. Shangazi Tabia akasema taratibu, "Kaka, waambie tu."

"Sijawahi kuuona," akasema Mzee Yeremia.

Akaeleza. Kisunga alipochukuliwa, mtoto wake alikuwa mgongoni kwa mama. Mtoto huyo ndiye baba yake Mzee Yeremia. Hakuuona upinde. Alichoachiwa na mama yake ni maneno tu, upinde wa baba yako uko kwa Kalukwa, na maneno hayo ndiyo aliyomwachia yeye. Hakuna aliyesema ni wa mti gani.

Ipyana, ambaye mpaka hapo hakuwa amefungua mdomo, akauliza, "Na picha, Babu? Mbona ulikataa kuziangalia?"

"Ningeziangalia mngejua kwamba sijui," mzee akajibu.

Kuna waliocheka, naye akacheka, akashika kifua, dada yake akamshika mkono. Sisi tulikuwa tunaogopa mtihani, kumbe msahihishaji hana majibu.

Ndipo nikawaeleza aliyoyasema Bibi. Kuhusu kuanika, mafuta, na vitu vya watu. Nilieleza kwa mpangilio kama ninavyowaeleza nyinyi. Wazee wa pale walisikiliza bila kunikatiza, na mmoja aliniomba nirudie ile sehemu ya mama mkwe.

Mzee Yeremia akaomba apewe ule mweusi, akauweka mapajani. Akaomba wa mwanzi. Akazipima zote mbili mikononi kama mtu anayechagua kasia. Akazirudisha.

"Na hawa wengine ni wa nani?"

Alisema "hawa". Hakuna aliyemsahihisha.

Shangazi Tabia akashauri zizikwe zote mbili, Kisunga atakuwemo tu. Baba Mkubwa akadakia haraka kwamba ni wazo la busara sana. Hata mimi niliona tumepona.

Mzee akakataa.

"Nikimzika mtu wa watu hapa," akasema, "kwao wataendelea kumngoja. Mimi najua kungoja kulivyo."

Kwa hiyo mazishi yakaahirishwa, bila tarehe, na mwenye haraka kuliko wote ndiye aliyeahirisha.

Baba Mkubwa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akauliza kuhusu vijana. Kwamba tulikuja kwa upinde, na upinde umeshindikana.

Mzee Yeremia alimwangalia kama aliyesahau kabisa habari ya posa.

"Nyinyi mmekaa na babu yangu miaka yote hiyo mkimpaka mafuta," akasema. "Nitawanyima mjukuu kwa lipi?"

Mlango wa jikoni ukafunguka, wali ukaletwa, na Rehema ndiye aliyenawisha watu mikono. Alipofika kwa Ipyana maji yalimwagika zaidi kwenye mkeka kuliko kwenye mikono. Mshenga akasema hiyo ni dalili nzuri. Yeye kila kitu ni dalili nzuri.

Wakati tunaondoka mzee aliniita kando. Akasema amesikia mimi ni mtu wa kuulizauliza. Basi niulize. Wa mwanzi na mweusi zimebaki kwake, ndani, mahali pakavu. Wa kenge tumerudi nao, uko kwangu Mbugani juu ya kabati, na mke wangu ameshaniambia nisiusogeze karibu na kitanda.

Nilichojifunza ni kidogo na sina uhakika nacho. Ukirithi vitu, usianze kwa kuuliza kipi ni changu. Na shahidi akisema hajui, huenda umemuuliza ulichotaka wewe, hukumuuliza alichokiona yeye. Zaidi ya hapo mimi bado niko confused. Inawezekana mmoja kati ya hizi ulikuwa wa Babu Kalukwa mwenyewe. Inawezekana ule wa Kisunga uliliwa na mchwa zamani na hizi zote ni za wengine. Jedwali langu sasa lina safu nyingi kuliko majibu.

Ndiyo maana nimeandika uzi huu hapa na sio kwenye kundi la ukoo.

Kuna mtu humu, kwao ni milimani, au ng'ambo ya Songwe, au popote ambako askari wa Mjerumani walichukua wapagazi. Kwenu kuna jina la mtu aliyeondoka akashuka kuelekea ziwani na hajarudi. Labda kuna bibi aliyewahi kusema kwamba upinde wake uko kwa Mnyakyusa fulani, mkadhani ni maneno ya uzee. Waulizeni wazee mafundi wa kwenu walimalizia vipi ncha: pengo, pete ya ngozi ya ng'ombe, au soksi ya kenge. Mkimpata mwenye wa mwanzi au mwenye ule mweusi, unaobaki huenda ndio wa Kisunga, tunazika. Na mwenye wa kenge akipatikana, aje achukue chake.

Wajuzi wa pinde mnakaribishwa, wabishi pia, na hata wewe wa mikuki njoo na hoja zako. Ndaga fijo kwa kusoma mpaka hapa.

Mzee Yeremia hana simu ya kuingia humu. Ananipigia kila jioni akishameza dawa zake, hasalimii, anauliza tu kama nimempata mtu anayejua.

Wakuu, leo nimwambieje?